Ukikosa ardhi, usikimbilie kulaumu bahati

Penye karata pana neno moja lisilokosekana: bahati. Aliyeshinda anasema bahati imemtembelea. Aliyeshindwa anasema bahati imemkataa, au anamtazama jirani kwa jicho baya na kusema ana dawa. Neno hilo ni jepesi. Linafunga mazungumzo, na mara nyingi linaficha kosa ambalo lingeweza kurekebishwa. Kuna mchezo mmoja wa karata unaoonyesha jambo hilo waziwazi, na familia za Kivu, hasa zile zilizoacha mashamba yao kwa sababu ya vita, zitauelewa haraka kuliko watu wengine wengi.

Mchezo wenyewe unaitwa Magic: The Gathering. Ulitoka Marekani mwaka 1993, na aliyeubuni, Richard Garfield, ni mwanahesabu. Kijana wa Goma, Bukavu au Uvira anaweza kuukuta kwenye simu, au kuusikia kwa ndugu aliyehamishiwa Marekani au Kanada ambako wanafunzi wenzake wanaucheza. Mchezo huu hautumii ile paketi ya karata 52 inayojulikana kila mtaa. Kila mchezaji anajitengenezea paketi yake mwenyewe, ya karata zisizopungua 60, akichagua kati ya maelfu ya karata tofauti. Karata moja hairudiwi zaidi ya mara 4 ndani ya paketi, isipokuwa ardhi za msingi, ambazo mtu anaweza kuweka nyingi kadiri anavyotaka.

Ardhi ndiyo kiini cha maneno haya. Karata za mchezo huu zina makundi mawili makubwa. Kundi la kwanza ni zile zinazofanya kazi: wanyama, askari, majoka, dawa za kuponya na moto wa kuangamiza. Kundi la pili ni ardhi, nazo ni za aina tano: tambarare, kisiwa, kinamasi, mlima na msitu. Ardhi haipigani. Kazi yake ni kulipa. Kila karata ya kazi ina bei yake, na bei hiyo inalipwa na ardhi zilizokwisha kuwekwa mezani. Kwa kila zamu mchezaji anaruhusiwa kuweka ardhi moja tu. Basi joka lenye bei ya ardhi 6 litabaki mkononi mpaka ardhi ya sita ifike.

Mchezo unaanza kila mmoja akiwa na karata 7 mkononi, kisha anavuta karata 1 kwa kila zamu. Aliyepata majoka sita na ardhi moja anakaa akiyatazama majoka yake mpaka anapigwa. Aliyepata ardhi sita na askari mmoja naye hana la kufanya. Mkulima wa Masisi au Rutshuru hahitaji maelezo zaidi. Mbegu za maharagi zisizo na shamba zinaishia ndani ya sufuria, na shamba lisilo na mbegu linaota majani tu.

Hesabu inayotangulia bahati

Mchezaji mgeni karibu kila mara anafanya kosa lilelile. Anapata karata nzuri mpya, anatafuta nafasi ya kuiweka ndani ya paketi, na karata anayoitoa ni ardhi. Ardhi haina sura ya kuvutia, kwa hiyo inaonekana kama kitu cha kupunguza. Kesho anatoa nyingine, keshokutwa nyingine. Mwishowe ana paketi ya kujivunia mbele ya rafiki zake, lakini kila akicheza anakwama, na kila akikwama anasema: bahati mbaya.

Wachezaji wenye uzoefu huanza na idadi ya ardhi kabla ya kuchagua majoka. Kwa paketi ya karata 60 ya kawaida, wengi huanzia ardhi 24, ni kusema 4 katika kila karata 10. Paketi yenye karata nyingi za bei ndogo inaweza kushuka mpaka 20 au 22. Ile inayotegemea karata za bei kubwa inapanda mpaka 26. Kuna pia aina ya mchezo yenye paketi ndogo ya karata 40, na huko kipimo kinachojulikana ni ardhi 17 na karata nyingine 23.

Namba hizo zina sababu. Chukua paketi yenye ardhi 24 katika 60. Ukivuta karata 7 za kwanza mara 100, hesabu inaonyesha kwamba karibu mara 77 utakuwa na ardhi mbili, tatu au nne, ambazo zinatosha kuanza. Karibu mara 14 utapata ardhi moja au kukosa kabisa, na karibu mara 8 utapata tano au zaidi. Sasa punguza ardhi ziwe 20 ili kuongeza karata nne za kupendeza. Kukosa kunapanda kutoka mara 14 mpaka karibu mara 25 katika 100. Mchezo mmoja kati ya minne unaanza vibaya, na aliyeuharibu ni mwenye paketi, alipokuwa amekaa akichagua.

Ukiongeza ardhi ziwe 28, kukosa kunashuka mpaka mara 7 katika 100. Lakini shida inageuka upande wa pili: kujazwa ardhi tano au zaidi mwanzoni kunapanda mpaka mara 16. Kwa hiyo hakuna idadi inayofuta hatari zote mbili. Ukisukuma moja chini, nyingine inapanda. Kusawazisha ni kuchagua ni hatari gani unaweza kuivumilia, kufuatana na karata ulizo nazo.

Hesabu nyingine inayofaa ni ya zamu. Anayeanza mchezo havuti karata katika zamu yake ya kwanza. Basi akifika zamu ya nne ameona karata 10: zile 7 za mwanzo na 3 alizovuta. Katika paketi ya ardhi 24, karata 10 zinaleta kwa wastani ardhi 4. Ni sawasawa na kinachohitajika ili kuweka ardhi kila zamu mpaka ya nne. Katika paketi ya ardhi 20 zinaleta tatu na kidogo. Anayejaza paketi karata za bei ya 5 na 6 huku ana ardhi 20 amepanga chakula cha watu kumi kwa chungu cha watu sita.

Halafu kuna rangi. Kila aina ya ardhi hulipia rangi yake: msitu hulipia karata za kijani, mlima hulipia nyekundu. Mwenye rangi mbili, na za kijani zikiwa mara mbili ya nyekundu, atagawa ardhi zake 24 kwa kipimo hichohicho, misitu 16 na milima 8, kisha atarekebisha kidogo kidogo baada ya kucheza. Anayetaka rangi zote tano kwa sababu zote zinapendeza atakuwa na ardhi nyingi mezani, na bado atashindwa kulipa.

Jaribio hili halihitaji simu wala umeme. Kaye moja ya shule inatosha. Kata vipande 60 vya karatasi vinavyolingana, andika herufi A kwenye 24, vingine viache bila kitu, vichanganye vizuri ndani ya mfuko na uvute 7 bila kutazama. Andika umepata A ngapi, rudisha vyote, changanya, rudia mara 50. Kisha fanya vilevile kwa A 20 na kwa A 28. Mwanafunzi wa sekondari atakayelifanya hili jioni moja ataelewa hesabu ya uwezekano kwa mikono yake, na pengine hataisahau kama anavyosahau ile ya ubaoni.

Kile ambacho hesabu haiwezi kukifuta

Hata paketi iliyopangwa vizuri kabisa itakataa mara 14 katika 100. Hiyo ndiyo bahati yenyewe, iliyobaki baada ya kazi kufanyika. Mchezo unaitambua na unatoa njia: mchezaji asiyeridhika na karata zake 7 za kwanza anaruhusiwa kuzirudisha, kuchanganya na kuvuta 7 nyingine. Lakini analipa. Tangu mwaka 2019 kanuni inasema kwamba kwa kila mara anayorudisha, ataweka karata moja chini ya paketi. Ataanza na 6 badala ya 7. Nafasi ya pili ipo, ila si ya bure, na kujua lini kuitumia ni sehemu ya ujuzi.

Kuna jambo jingine ambalo vijana wanaoweka pesa kwenye matokeo ya mpira wangefaa kulisikia. Paketi ya karata ina kumbukumbu. Ikiwa umeona karata 10 na ndani yake kulikuwa na ardhi moja tu, basi katika 50 zilizobaki kuna ardhi 23. Uwezekano wa kuvuta ardhi umepanda kutoka 40 mpaka 46 katika 100. Kungoja kuna msingi. Lakini anayebahatisha matokeo ya mechi, akishindwa mara tano na kusema ya sita lazima iingie, hana msingi huo. Zile tano hazikuacha chochote kwenye paketi ya kesho. Pesa zake tu ndizo zimepungua.

Wako wanaosema kwamba ardhi ni kasoro ya mchezo huu na ingefaa iondolewe. Hoja yao ina uzito. Hakuna furaha katika mechi ambayo mmoja amekaa mikono mitupu akisubiri kupigwa. Ndiyo maana michezo mingine iliyokuja baadaye ilichagua njia tofauti. Hearthstone, uliotoka mwaka 2014, unampa kila mchezaji nguvu moja zaidi kila zamu bila kuvuta chochote. Pokémon wa karatasi, uliozaliwa Japani mwaka 1996, bado una karata za nishati ndani ya paketi, lakini toleo lake la simu la mwaka 2024, Pokémon TCG Pocket, limezitoa nje ya paketi na kuleta nishati yenyewe kila zamu. Na kwetu kuna kisoro, ambamo mbegu zote ziko wazi mbele ya macho na wachezaji wanaanza na idadi sawa.

Yote hiyo ni michezo mizuri. Lakini ule wenye ardhi unafundisha kitu ambacho mingine haifundishi: kwamba msingi unachaguliwa kabla ya pambo, na anayeuchagua ni wewe. Kijana anayeweza kutoa joka alilolipenda ili aweke msitu wa ishirini na nne amejifunza kujikatalia. Somo hilo lina kazi katika butike ndogo, katika likelemba, katika kikundi cha AVEC, na kwa mama anayegawa pesa ya kibarua kati ya unga na mtaji wa kuuza kesho.

Pasipofaa kuchezewa

Hapa ndipo lazima pawe na tahadhari, kwa sababu mfano mzuri ukitumiwa vibaya unaumiza. Ni rahisi mno kuuchukua mchezo huu, kwenda nao mbele ya familia za wahami na kuwaambia: mnaona, shida yenu ni mpango. Maneno ya namna hiyo husikika mara nyingi, hata bila karata. Mama aliyekimbia na watoto wanne na godoro moja anaketishwa katika mafunzo na kuambiwa aweke akiba, agawe vizuri, afikirie kesho. Anaitikia kwa heshima. Kisha anarudi mahali anapolala na hakuna cha kugawa.

Hesabu ya ardhi 24 inafanya kazi kwa sababu moja tu: mchezaji alikuwa na karata zote mbele yake, na akachagua mwenyewe. Mhami hakuchagua kutoa shamba lake ndani ya paketi. Alikuwa nalo. Alijua lini kupanda maharagi ya msimu A mwezi wa tisa na lini kurudia msimu B baada ya mwaka mpya. Hesabu yake ilikuwa sawa kwa miaka mingi, na iliwalisha watu wa mjini ambao leo wanamfundisha kupanga. Kilichotokea ni kwamba mtu mwenye silaha alikuja na kuchomoa ardhi.

Kwa hiyo mbele ya kila mkwamo inafaa kuuliza maswali matatu, na si moja. Je, paketi ilipangwa vibaya? Je, ilipangwa vizuri ila zamu hii imekataa? Au kuna aliyechomoa ardhi? Mkwamo wa kwanza unatibiwa na hesabu. Wa pili unatibiwa na akiba, uvumilivu na jirani wa kukopesha mpaka zamu igeuke. Wa tatu hautibiwi na kimojawapo. Katika mashindano, mchezaji akigundua kwamba mtu ameiba ardhi ndani ya paketi yake, hakuna anayemwambia acheze kwa akili zaidi. Anamwita mwamuzi, na mchezo unasimama. Wahami wa Kivu wamemwita mwamuzi kwa miaka mingi. Kuwajibu kwa semina ya mpango ni kujibu swali ambalo hawakuuliza.

Wanaoleta misaada nao wanapanga paketi, na kipimo hichohicho kinawahusu. Mbegu zinazogawiwa kwa familia isiyo na hata kipande cha kulima ni majoka bila ardhi. Jembe bila mbegu ni ardhi bila majoka. Mbegu nzuri zinazofika wakati wa kupanda umeshapita ni karata iliyovutwa baada ya mechi kuisha. Familia ikiziuza sokoni ili inunue unga, wapo watakaosema imekosa nidhamu. Ukweli ni kwamba aliyeipanga paketi hakuhesabu ardhi. Kabla ya kugawa jetoni, swali la kwanza lingekuwa hili: familia hii italima wapi? Mahali ambapo jibu halipo, pesa ya kukodi shamba kwa msimu mmoja ingeweza kuzifanya mbegu zilezile kuwa chakula.

Kwa wazazi na wanaoshughulikia vijana

Wazazi wengi wakisikia neno karata wanasikia kamari. Hofu yao inaeleweka, kwa maana wengi wameona mshahara ukiishia kwenye karata za pesa. Lakini mchezo wa kujenga paketi hauhitaji dau, na pale dau linapoingia somo lote linapotea, kwa sababu mtoto anaacha kutazama hesabu na kuanza kutazama pesa. Kanuni ya nyumbani iwe moja: hapa hapachezewi faranga.

Simu nayo ina mtego wake. Toleo la simu la Magic linapakuliwa bure, lakini linauza pakiti za karata kwa pesa halisi, na linataka intaneti muda wote unapocheza. Mega zikiisha mchezo umekwisha. Anayefungua pakiti za kulipia akitumaini karata adimu amerudi kwenye kubahatisha, hata kama picha ni nzuri. Karata zilizoandikwa kwa mkono kwenye karatasi ya kaye hazikubaliwi katika mashindano rasmi, ila kwa kucheza na rafiki chini ya mti zinatosha kabisa, mradi asizifanye bidhaa ya kuuza kama za asili. Tena kijana anayeandika karata zake mwenyewe anaweza kuziita kwa lugha yake: mlima wake ukaitwa Nyiragongo, kisiwa chake kikaitwa Idjwi, msitu wake ukaitwa Virunga.

Vikundi vya vijana, walimu wanaowapokea watoto wahami, na viongozi wa parokia wanaotafuta jambo la kufanya wakati wa likizo wangeweza kulijaribu hili kwa gharama ya kaye mbili na makasi. Watoto watahesabu, watagombana kidogo, watahesabu tena. Na mmoja wao akisema ameshindwa kwa bahati mbaya, wenzake wamuulize swali rahisi: uliweka ardhi ngapi?

Akijibu 24, wampe pole, kwa maana hiyo ilikuwa bahati. Akijibu 15, wacheke naye na wamsaidie kupanga upya. Na ikiwa kati yao yuko mtoto ambaye nyumbani kwao kulikuwa na shamba na sasa halipo, asiachwe aamini kwamba baba na mama yake walikosea hesabu.